Gécamines inanenepa tena: na wazee wa 2003?

Ile terili nyeusi tunaonaka kila siku kando ya shemine imeanza kuleta franga. STL, mutoto wa Gécamines, imejenga lizini ya kutoa germanium mu mabaki ya zamani, na mu Oktoba 2024 mzigo wa kwanza ulienda kwa Umicore, kule Ubelgiji. Umicore njo ileile Union Minière ya bakubwa wetu. Ilibadilisha jina tu mu 2001. Bwana na bibi walioachana 1967 wanauziana tena! Vizuri. Lakini ikinenepa, inanenepa na nani?

Gécamines ya zamani haikukuwa mashimo tu. Mu miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka, na ilikuwa na ateliers za Panda ku Likasi, mashamba, masomo, hopitali. Baba alitumika, mama alipata mposho wa unga, mutoto alisoma. Kisha mine ya Kamoto iliporomoka mu 1990, na yote iliyofuata tunaijua.

Mu 2003 ikaja Opération Départs Volontaires, na franga za Banque mondiale. Watu 10.655 walitoka. Kwa hiari? Muntu amemaliza miezi na miezi pasipo mshahara, unamuwekea karatasi mbele, atafanya nini? Atasaini. Na ubaya mkubwa njo hesabu yenyewe: dekonti ilihesabia miaka ya kazi ya muntu mmoja. Masomo ya batoto, dawa, mposho, hakuna aliyeviandika. Hata ile kidogo, wengi wangali wanadai salio. Huku Katuba tuliona mama akibeba nyumba yote na beseni la unga mbele ya mlango.

Basi, mbele ya kusaini biashara ingine, wakubwa wa Gécamines waketi na sindika na wazee wale, liste mkononi, waseme sehemu gani ya franga za terili itamaliza madai. Na vijana waandikwe mu kitabu cha kampani yenyewe. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance ilitungwa kwa kupatia kampani za Wakongomani soko, si kwa kuacha mchimba na kontra ya mwezi kwa mwezi.

Wengine watajibu kwamba Gécamines leo ni kampani ya biashara, si baba wa muntu. Sawa. Lakini hata kampani ya biashara inalipaka deni, na wazee wa 2003 hawana tena miaka mingi ya kungoja.