Doa jeupe kwenye jicho la mtoto: muda unapotelea wapi?

Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha afya, mama mmoja kutoka kijiji cha wafugaji alitupigia simu. Mwanawe ana miaka minne. Alipokuwa na miezi mitano, mama aliona kitu cheupe katikati ya jicho lake la kushoto. Bibi akasema litaisha akikua. Kwenye zahanati walimpa dawa ya kupaka. Baba akasema wasubiri wauze mbuzi, kisha ukaja ukame. "Sasa nauliza," mama akasema, "bado tu kuna la kufanya?"

Jibu lake tutalitoa mwishoni. Kwanza tuliangalie swali lililo nyuma yake. Mama huyu aliona mapema kabisa. Kama aliona, kwa nini mtoto hakufika kwa daktari wa macho?

Si yeye peke yake

Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2005, uliangalia watoto walioletwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tangu mzazi alipogundua kuna tatizo hadi kufika hospitali, ilipita wastani wa karibu miaka mitatu. Waliochelewa zaidi ni waliokaa mbali na hospitali na wale ambao mama zao hawakupata elimu ya kutosha.

Wengi husikia "mtoto wa jicho" wakadhani ni ugonjwa wa wazee tu. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao. Lenzi ya jicho, ambayo inatakiwa iwe safi kama kioo, inakuwa na ukungu, na mwanga haupiti.

Kwa mzee, ukungu ukiondolewa hata baada ya miaka mitano, mara nyingi anaona tena, kwa sababu ubongo wake ulishajifunza kuona zamani. Mtoto bado anajifunza. Jicho lisipopeleka picha katika miezi ya mwanzo, ubongo unaacha kulisikiliza. Ni kama mvua za kupandia: zikishapita, unaweza kuwa na mbegu nzuri na jembe zuri, lakini mavuno hayatakuwa yale. Ndiyo maana kwa aliyezaliwa na mtoto wa jicho, madaktari hutaka upasuaji ufanyike ndani ya wiki na miezi michache ya kwanza.

Kuna sababu nyingine inayotisha zaidi. Doa jeupe kwenye mboni linaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Jicho likishaanza kuvimba na kutoka nje, kuokoa maisha kunakuwa kugumu sana. Wakati mwingine daktari hushauri jicho liondolewe. Wazazi wengine hukimbia na mtoto wakisikia hivyo. Tunawaelewa, lakini tuseme wazi: hapo jicho linatolewa ili mtoto abaki hai.

Sehemu tatu ambapo muda unapotea

Ya kwanza ni nyumbani. "Litaisha akikua." "Ni jicho la ukoo." "Kengeza ni uzuri." Maneno haya husemwa kwa nia njema. Kisha zinafuata dawa: maji ya majani, maziwa ya mama, wakati mwingine hata mkojo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kusafisha lenzi iliyo ndani ya jicho, na zinaweza kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho na upofu ambao haukuwepo. Pia kuna nyumba ambazo mama haruhusiwi kusafiri na mtoto hadi baba au wakwe wakubali. Wiki zinakwenda.

Ya pili ni kwenye kituo cha kwanza cha afya. Mtoto wa Tanzania hupelekwa kliniki mara nyingi katika mwaka wake wa kwanza. Anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa. Nafasi ya kumtazama macho ipo kila mwezi. Lakini mhudumu mwenye foleni ndefu, ambaye hakupata mafunzo ya macho, huona jicho lenye tatizo na kutoa dawa ya kupaka. Dawa hiyo husaidia macho mekundu yenye usaha. Kwenye mboni nyeupe haifanyi chochote, ila inampa mzazi imani kwamba mtoto ameshatibiwa. Huenda huo ndio ucheleweshaji mbaya kuliko wote, kwa sababu mzazi alifanya alichotakiwa kufanya.

Ya tatu ni njiani. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hatua hizi ni nzuri, lakini hazilipi nauli ya mama na mtoto kutoka kijijini hadi hospitali ya rufaa, wala chakula cha siku watakazokaa, wala hazimwangalii mtoto mwingine aliyebaki nyumbani. Na safari si moja. Baada ya upasuaji mtoto huhitaji miwani na kurudi kupimwa tena na tena.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo mjadala wa afya ya watoto unapotakiwa kuhamia. Tumezoea kuwaambia kina mama "wahini hospitali". Wengi huwahi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaandikia rufaa siku ileile, na kijiji kinachokubali kwamba nauli ya mtoto anayekwenda kupofuka ni dharura, kama tunavyochangia msiba.

Uangalie nini?

Msikilizaji, mtazame mtoto kwenye mwanga mzuri. Mpeleke akaonwe bila kusubiri ukiona:
- doa jeupe au la kijivu katikati ya mboni;
- mtoto wa miezi mitatu hatazami uso wako wala kufuata kitu kinachosogea;
- macho yanachezacheza bila kutulia;
- kengeza linaloendelea baada ya miezi minne, au lililoanza ghafla;
- jicho kubwa kuliko kawaida, linalotoa machozi na kukwepa mwanga;
- usaha machoni mwa mtoto aliyezaliwa ndani ya mwezi mmoja. Huyu apelekwe siku hiyohiyo.

Simu yako pia inasaidia. Kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, mboni mara nyingi huonekana nyekundu. Moja ikionekana nyeupe, onyesha picha hiyo kituoni. Lakini picha ikitoka vizuri, usiitumie kufuta dalili uliyoiona kwa macho yako.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Surua huweza kupofusha, na rubella ikimpata mjamzito huweza kusababisha mtoto azaliwe na mtoto wa jicho. Usikose pia matone ya vitamini A, mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi sita hadi miaka mitano.

Ukifika zahanati na dalili hizi, usiondoke na dawa ya kupaka tu. Sema kwa heshima: "Naomba rufaa ya mtaalamu wa macho." Ukifika hospitali na fedha zimepungua, muulizie afisa ustawi wa jamii kabla hujakata tamaa na kurudi nyumbani.

Na yule mama? Mtaalamu wa macho tuliyemuuliza hakumpa ahadi ya uongo: jicho lililofunikwa kwa zaidi ya miaka mitatu huenda lisione vizuri tena. Lakini alisema mtoto aende, tena asisubiri, kwanza kuhakikisha si saratani, na pili kulilinda jicho la kulia. Tulimpigia mama tukamweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza basi la Moshi huondoka saa ngapi.