Jaribuni onyo la kimbunga kabla ya kimbunga

Sisi watengenezaji wa programu tuna msemo wetu: "kwangu inafanya kazi." Programu inakwenda vizuri kwenye tarakilishi ya aliyeiandika, halafu siku watumiaji 10,000 wakiingia kwa pamoja, inakwama. Ikiwa ni duka la mtandaoni, hasara ni pesa. Ikiwa ni mfumo wa kuonya watu kuhusu kimbunga, hasara ni maisha. Kwa hivyo mimi nasema hivi: onyo ambalo halijajaribiwa mpaka likamfikia mvuvi wa mwisho, tusilihesabu kuwa lipo.

Na usidhani, msomaji, kwamba haya ni ya wenzetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia, na huku Kenya watu wakaonywa wasiende baharini. Bahati nzuri kilikuwa kimepungua nguvu. Bahati si mpango.

Mwaka 2019 Beira, Msumbiji, haikupata bahati hiyo. Idai kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kupiga usiku wa 14 Machi, lakini zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kukiona kimbunga ni hatua ya kwanza tu. Mtabiri aandike, ofisi iidhinishe, ujumbe usafiri, mwananchi auelewe, kisha awe na pa kukimbilia. Na siku ya kufa nyani miti yote huteleza: dhoruba hiyo hiyo ndiyo huangusha nguzo za umeme na minara ya simu.

Bangladesh walijifunza kwa uchungu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Kuanzia 1972 wakaunda mpango wa watu wa kujitolea, ambao leo ni zaidi ya 70,000, wenye redio, vipaza sauti na bendera za ishara. Hawa hufanya mazoezi hata mbingu zikiwa shwari. Amphan kilipokuja Mei 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi.

Kuna wanaosema majaribio yatatia watu hofu. Hofu hiyo si ya bure. Januari 2018 huko Hawaii, zoezi liliishia kwa ujumbe wa kweli kwenye simu za watu kwamba kombora linakuja, na masahihisho yakachukua dakika 38. Lakini hilo linatufundisha kutangaza siku ya jaribio mapema, na kujaribu pia jinsi ya kufuta ujumbe. Wengine huogopa aibu. Ujerumani walijaribu maonyo ya nchi nzima Septemba 2020, vituo vingi vikatuma kwa wakati mmoja, mfumo ukalemewa na ujumbe ukachelewa kama nusu saa. Hiyo ndiyo hitilafu ambayo huwezi kuiona ofisini. Ila jaribio linakuonyesha ufa tu, halizibi. Julai 2021 mafuriko yaliua zaidi ya watu 180 huko, na ujumbe unaotangazwa na minara kwa kila simu iliyo karibu, bila kuhitaji namba, ulijaribiwa nchi nzima Desemba 2022, baada ya maafa.

Basi kila mwaka kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza upande huu wa Bahari ya Hindi, tuwe na siku moja ya jaribio kuanzia Kiunga hadi Vanga. Zimeni umeme wa kituo kikuu makusudi. Tumeni ujumbe kwa Kiswahili chepesi, si lugha ya ofisi. Saa ianze mtabiri anapoandika, na isimame mvuvi anapogeuza ngalawa kurudi ufuoni. Kisha matokeo yatangazwe, hata yakiwa mabaya. Hasa yakiwa mabaya.

Na wewe uliye Lamu, Kilifi au Kwale: Hidaya kilipokuja, habari ulizipata kwa nani, na zilifika saa ngapi?