Staa Wetu, Usiuze Baiskeli Kwa Sababu Inalia!

Wadau, mmeiona ile klipu? Staa mmoja wa hapa Bongo, jina tunaliweka pembeni maana mnamjua, kajirekodi anapiga baiskeli asubuhi kando ya bahari. Kofia kali, miwani kali, baiskeli ya gia ya bei mbaya. Kasoro ilikuwa moja tu: kila akikanyaga pedeli, kitu kinalia kwii, kwii, kwii kama kitanda cha gesti. Basi watu bahari hawakuiona tena. "Bosi, hiyo baiskeli au mlango wa stoo?" Mwingine: "Mtafutieni grisi huyo mtoto." Posti ikafutwa. Baada ya muda ikarudi, safari hii imewekewa wimbo juu. Jioni kwenye stori kaandika anaiuza, anataka mpya.

Mimi kucheka nimecheka, sitawadanganya. Ila hapo kwenye kuweka wimbo juu ndipo tunapotofautiana, na si na yeye tu. Mjini hapa wengi ndio zetu. Baiskeli ikianza kulia tunavaa earphone, maisha yanaendelea. Au tunapulizia mafuta kila mahali. Au tunaiuza kwa hasara, na anayeinunua anakaza nati moja tu, anaendesha miaka. Msimamo wangu ni huu: kelele ya baiskeli siyo aibu, ni taarifa. Ukiifunika, umejinyima taarifa, na taarifa nyingine zinahusu meno yako ya mbele.

Cha kwanza, tuelewane kwamba sauti ya baiskeli inadanganya. Fremu ni mabomba matupu ya chuma au alumini, sauti inasafiri humo kama kwenye ngoma. Unasikia mlio uko chini ya pedeli, kumbe ni bomba la kiti. Ndiyo maana anayekimbilia dukani kununua kifaa kabla hajapima anatupa hela. Kupima kwenyewe ni bure, unahitaji masikio yako na barabara tulivu isiyo na magari.

Fanya hivi. Endesha, halafu acha kukanyaga, iache itembee yenyewe. Mlio umekata? Basi chanzo kiko kwenye cheni, pedeli, mikono ya pedeli au gololi za pale katikati. Mlio unaendelea? Angalia magurudumu na breki. Ule mlio wa tik-tik-tik nyuma ukiacha kukanyaga usikutishe, hiyo ni friwili inafanya kazi yake.

Kisha hesabu. Mlio unatokea mara moja kila mguu ukizunguka, au mara mbili tatu? Kwenye gia ya kawaida gurudumu huzunguka zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli, kwa hiyo mdundo wake ni wa haraka zaidi. Na kama kuna "tak" inayokuja kila baada ya mizunguko miwili mitatu ya pedeli, kagua cheni, huenda kuna kiungo kimoja kimekakamaa hakikunji.

Halafu simama kwenye pedeli, usikae. Mlio ukipotea, mshukiwa ni kiti au bomba lake. Chomoa bomba, futa mchanga, paka grisi kidogo, rudisha, kaza. Fremu yako ikiwa ya kaboni usipake grisi, yenyewe ina krimu yake maalumu. Jamani, kuna watu wamebadilisha cheni na pedeli kwa ajili ya mchanga wa kijiko kimoja!

Kabla hujafika huko pia, kagua vitu vya kijinga. Funguo kwenye begi. Kengele iliyolegea. Madigadi inayogusa tairi. Kishikio cha chupa ya maji. Ncha ya kamba ya kiatu inayopiga mkono wa pedeli kila ukizunguka. Usicheke, mafundi wanaletewa sana hizo.

Sasa turudi kwa staa wetu. Ule mlio wake wa kwii kwii kama vifaranga, kwa kusikia tu naweka dau ni cheni kavu. Anaendesha pembeni ya bahari, hewa ya chumvi, mchanga juu yake. Baiskeli mpya nayo akiifanyia hivyohivyo, italia hivyohivyo. Dawa yake ni kitambaa na kichupa cha mafuta ya cheni. Futa cheni mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Weka tone moja kwa kila kiungo huku unazungusha pedeli kinyumenyume. Subiri kidogo yaingie, halafu futa tena kwa nje. Watu wengi wanaruka hilo la mwisho. Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo, yakibaki nje yanakusanya vumbi na kuwa msasa.

Na hapa nitagombana na baadhi yenu. Oili chafu ya bodaboda siyo mafuta ya cheni. Imeshabeba masizi na unga wa chuma kutoka kwenye injini, unaipaka ili iendelee kusaga. Mafuta ya kupikia ndiyo kabisa, yanaganda yanakuwa gundi. Ya cherehani yanasaidia ukibanwa, ila ni mepesi, utarudia mara kwa mara. Na ile WD-40 ya kopo ambayo kila mtu anayo, ya kawaida kabisa, ilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kufukuza maji na kutu. Kusafishia ni sawa, ila haikai kwenye cheni muda mrefu.

Kubwa kuliko yote: usipulizie mafuta karibu na breki. Breki ikilia, vidole vinakimbilia kopo, na hapo ndipo mtu anapojimaliza. Breki inafanya kazi kwa msuguano, na mafuta yanaua msuguano. Kama ni ya kubana rimu, futa rimu, kisha angalia raba zake: kuna mchanga au kipande cha chuma kimenasa? Kitoe kwa sindano. Raba imeisha na chuma kinasaga rimu? Badilisha leo, siyo mwisho wa mwezi. Kama ni ya diski na imeshaguswa na mafuta, diski inasafishwa kwa spiriti, na pedi zikishanyonya mafuta mara nyingi ni za kutupa.

Kuna milio mingine ambayo sitaki uivumilie hata siku moja. "Kok" chini ya mguu kila ukikanyaga kwa nguvu inaweza kuwa mkono wa pedeli umelegea. Ukiendelea kuuendesha hivyo, tundu lake linatanuka, na tundu likishaharibika kukaza hakusaidii tena, unanunua mwingine. Au ni pedeli yenyewe. Kumbuka pedeli ya kushoto nati zake ziko kinyume: unakaza kwa kuzungusha kinyume na saa. Wengi wanaifungua wakidhani wanaikaza.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kitu kinagonga kwenye shingo ya usukani, gololi za pale zimelegea. Zungusha gurudumu, bana spoku mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea utaijua, na iliyokatika inawabebesha wenzake mzigo mpaka gurudumu linapinda. Mwisho kabisa, futa fremu na ukague maungio, hasa karibu na shingo na pale katikati. Ukiona ufa, shuka. Usiniambie "nafika tu hapo", mdau wangu. Fremu ikikatika kwenye mteremko, hakuna wimbo wa kuweka juu.

Najua kuna atakayesema: "Mimi siyo fundi, kuna watu wa kazi hiyo." Sawa kabisa, sijasema umnyime fundi kazi. Ila nenda kwake na maelezo. Ukimwambia "fundi, inapiga kelele," umempa kazi ya kubahatisha, na ya kubahatisha inalipiwa na wewe. Mwambie: "Shikamoo fundi, inalia nikikanyaga tu, upande wa kulia, mara moja kila mzunguko, nikisimama inaendelea." Hapo mzee wa watu anajua pa kuweka spana. Na akigusa, mwombe abadilishe kitu kimoja, ujaribu, ndipo cha pili. Wakibadilisha vitano kwa mpigo hamtajua kipi kilikuwa kibovu.

Halafu tuwalipe vizuri, jamani. Fundi akiipata nati iliyolegea ndani ya dakika kumi, tunalia "buku mbili kwa kukaza tu?" Muuzaji akitubandika kifaa kipya ambacho hatukukihitaji, tunatoa hela tunatabasamu. Unamlipa fundi kwa kujua ni nati ipi.

Na nimalizie kwa waliomcheka staa. Kila asubuhi mitaani kwetu wanapita watu na baiskeli za kazi, nyuma kuna mkaa, kreti za mayai, madumu ya maji. Zinalia kuliko ile ya kwenye klipu. Hakuna anayewarekodi, na wao hawana hela ya kuuza ili wanunue mpya. Ile baiskeli ndiyo mtaji, na breki ikigoma wana kilo za kutosha za kuwasukuma chini ya daladala. Kwao tone la mafuta na raba mpya ya breki ni ugali wa nyumbani. Kama una kopo la mafuta ya cheni limekaa tu ndani, jirani yako muuza maji atalitumia vizuri kuliko kabati lako.

Kwa hiyo staa wetu, ukisoma hapa, usiuze. Toa wimbo, rudisha sauti yake, sikiliza, tafuta. Ukiipata, posti tena ile klipu ya kwanza na ya pili iliyonyamaza, watu waone tofauti. Hiyo itapata like kuliko baiskeli mpya.

Haya wadau, ya kwako inalia wapi? Elezea hapo chini: lini inalia, upande gani, ukisimama inakuwaje. Wajuzi wa humu tuanze kuitafuta pamoja. Na anayetaka kuandika "nunua gari", tumeshakuona.