Mtoto Amekua, Bibi Anadaiwa

Hoja hii inarudiwa kwenye vikao vya kata na mikutano ya vijiji, kuanzia Kilolo mkoani Iringa hadi Mbarali mkoani Mbeya, kwa maneno yanayofanana mno. Kaya fulani iliingizwa kwenye ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ikiwa na mtoto anayesoma. Mtoto amekua, amemaliza shule, ameolewa au ameondoka kutafuta kazi, na ruzuku imeendelea kutoka vilevile. Kwa hiyo, wanasema wanaotaka makato, kaya hiyo imekula fedha ya umma: ikatwe kwenye malipo yajayo au irudishe. Ninazileta hoja zao kama wanavyozisema, bila kuzipunguzia nguvu, ili msomaji apime mwenyewe.

Kwanza, viwango vyenyewe, maana mabishano yote yamejengwa juu yake. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF haulipi kila kaya kiasi kimoja. Katika awamu yake ya kwanza kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na 4,000 zaidi ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 18. Juu ya hapo kulikuwa na nyongeza zenye masharti: 2,000 kwa mtoto wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, 6,000 kwa wa cha tano na cha sita. Kikomo kilikuwa 38,000 kwa kaya nzima, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Awamu ya pili, aliyoizindua Rais Magufuli Februari 2020, ilipandisha viwango lakini sehemu ya ruzuku ikaendelea kutegemea watoto na masomo yao. Mtoto akitimiza miaka 18 hesabu inabadilika. Akimaliza kidato cha nne inabadilika tena.

Hoja yao ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote: kaya zilijua na zikanyamaza. Mlengwa alielezwa tangu mwanzo kwamba kifo, kuzaliwa, kuhama na kumaliza shule ni mambo ya kutoa taarifa. Hakutoa, basi alificha.

Ni kweli kwamba wajibu wa kutoa taarifa upo. Lakini tuangalie kalenda. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Mahudhurio ya mwanafunzi, ambayo yanatakiwa yafike asilimia 80, hujazwa kwenye fomu shuleni, fomu hupelekwa halmashauri, taarifa huingizwa kwenye mfumo, ndipo orodha ya malipo inapotoka. Kwa hiyo fedha inayolipwa leo inatokana na mahudhurio ya miezi iliyopita. Mtoto aliyefanya mtihani Novemba ataonekana bado ni mwanafunzi kwenye malipo yanayofuata hata kama mama yake angetoa taarifa jioni ileile ya mtihani wa mwisho. Kuchelewa huko kumo ndani ya utaratibu wenyewe, na hakuna mlengwa anayeweza kulibadilisha hilo.

Kuna jambo gumu zaidi. Matokeo ya mtihani huo hutangazwa Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi ya katikati, kijana huyo ni nani? Si mwanafunzi, kwa kuwa hana darasa. Lakini pia hajamaliza, kwa kuwa huenda akachaguliwa kwenda shule ya bweni ya mkoa mwingine, na akichaguliwa nyongeza yake haiondoki, inapanda; kwa viwango vya awamu ya kwanza ilipanda kutoka 4,000 hadi 6,000. Mwalimu mkuu mwenyewe hawezi kujibu swali hilo mwezi Machi. Wanaotaka makato wanadai bibi wa Kilolo alijua jibu na akalificha.

Tuitazame na siku ya malipo ilivyokuwa wakati fedha zikigawiwa kijijini. Mezani kuna orodha iliyochapishwa. Mwezeshaji anaita jina, anataja jumla, bibi anachovya dole gumba kwenye wino, anahesabiwa noti. Anachoambiwa ni jumla. Haambiwi kwamba ndani yake kuna 8,000 ya miezi miwili kwa ajili ya mjukuu aliyeandikwa kuwa yuko kidato cha nne. Na sasa malipo yanapopita kwenye simu, ujumbe nao unaleta jumla. Ukimtuhumu mtu kwamba aliona kosa akalinyamazia, ni wewe unayetakiwa kuonyesha mahali alipoliona.

Tena kosa la taarifa halina upande mmoja. Iringa na Mbeya ni mikoa iliyoumizwa sana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.3 kwa watu wazima wa Iringa na 9.3 kwa wa Mbeya. Kila mtu wa huku anajua maana yake kwenye familia: mjukuu yatima analetwa kwa bibi na begi lake moja, naye anapaswa kuhesabiwa kuanzia siku aliyofika. Taarifa yake inapokaa miezi bila kuingizwa, kaya inalipwa pungufu. Wanaodai makato kwa ajili ya mtoto aliyeondoka, mbona hawadai malipo ya nyuma kwa ajili ya mtoto aliyefika? Kama lengo ni usahihi wa daftari, basi hesabu ifanyike pande zote mbili. Ikifanyika upande wa mlengwa peke yake, haiwezi kuitwa uhakiki.

Hoja ya pili inasema kijana aliyeondoka sasa anafanya kazi na anatuma fedha nyumbani, kwa hiyo kaya si maskini tena. Hapa ndipo wanapojipinga wazi kuliko popote. Wakihesabu vichwa, wanasema kijana huyu si mwanakaya: haishi hapa, hali hapa, aondolewe na ruzuku yake iondoke naye. Wakihesabu kipato, wanamrudisha ndani: mshahara wake ni wa kaya hii. Ama yumo, na mahitaji yake yahesabiwe pamoja na kipato chake. Ama hayumo, na kipato chake kiachwe huko aliko. Haiwezekani awe ametoka asubuhi kwa ajili ya makato na amerudi jioni kwa ajili ya kuifuta kaya kwenye orodha.

Na kipato chenyewe ni kipi? Mabinti wengi wanaotoka vijiji vya Iringa huenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Hicho ndicho kilichokuwa kima cha sheria, na walikuwapo wasiokifikia. Vijana wa kiume huenda kwenye misitu ya Mufindi, kwenye machimbo ya Chunya, au kwenye mpunga wa Usangu wakati wa mavuno, kisha wanarudi msimu ukiisha. Kijana anayekwenda Usangu kuvuna na kurudi nyumbani kulima, amehama lini? Fomu inataka tarehe moja ya kuondoka, na maisha yake hayana tarehe hiyo.

Tatu, wanasema kijiji kizima kinajua nani anaishi wapi, kwa hiyo haiwezekani mabadiliko yakapita bila mtu kuyaona. Hoja hii ninaikubali yote. Walengwa walichaguliwa kwenye mkutano wa kijiji, kuna kamati ya usimamizi ya jamii, kuna mwenyekiti wa kitongoji, kuna mtendaji mwenye mhuri na ofisi. Kama kila mtu alijua kwamba binti wa nyumba ile ameolewa Makambako, basi na kamati ilijua. Mtendaji pia alijua. Ujuzi wa kijiji hauwezi kuwa ushahidi dhidi ya bibi peke yake huku ukiwaacha wote waliokuwa na kazi ya kuuandika.

Nne: kiasi ni kidogo, makato hayataumiza mtu. Tumchukue bibi wa mfano, anayeishi na mjukuu mmoja aliyemaliza kidato cha nne na kutimiza miaka 18. Kwa viwango vile vya awamu ya kwanza, kinachodaiwa kimezidi ni 8,000 kwa mwezi, yaani 16,000 kwa kila malipo. Ruzuku yake halali kwa miezi miwili ni 20,000. Malipo mawili yaliyozidi yakikatwa kwa mkupuo ni 32,000. Hata malipo mazima ya mara moja hayatoshi, anabaki mikono mitupu na deni juu. Kwenye ajira za muda za mpango huohuo siku moja ya kazi ililipwa 2,300, kwa hiyo 16,000 ni karibu siku saba za kubeba mawe na kuchimba mitaro, kazi ambayo bibi wa miaka 70 haiwezi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Bibi huyu yuko chini ya mstari huo kabla hajakatwa hata senti. Na wanaosema kiasi ni kidogo ndio haohao wanaosema taifa linapata hasara kubwa. Wachague moja.

Tano ni hoja ya sheria, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Sibishani na kanuni hiyo. Ninauliza ni nani aliyeamua kwamba kulikuwa na makosa, ni kiasi gani, na mdaiwa alisikilizwa wapi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa, pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Makato yanayogunduliwa siku ya malipo, mtu akiwa tayari amenyoosha mkono, hayana kusikilizwa wala rufaa.

Wengine huongeza kwamba hata Ulaya fedha iliyozidi inarudishwa. Inarudishwa, lakini wasome mpaka mwisho. Uingereza, ambako ruzuku ya pango hupunguzwa mtoto mtu mzima anapoishi na mzazi, kanuni za 2006 zinasema wazi kwamba fedha iliyozidi kwa kosa la ofisi hairudishwi, iwapo mlipwaji hakuchangia kosa hilo na hakutarajiwa kutambua kwamba analipwa zaidi. Uholanzi ilikwenda njia ya kudai kwanza na kuuliza baadaye: maelfu ya wazazi waliopata ruzuku ya malezi ya watoto walitajwa kuwa wadanganyifu na kulazimishwa kurudisha fedha nyingi, wengi wao bila kosa. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo. Mfano wa Ulaya wanaoutaja unawakana.

Inabaki hoja ya haki: kwamba fedha iliyozidi kwa bibi wamenyimwa maskini waliobaki nje ya orodha. Hii inanigusa, maana watu hao wapo na ninawafahamu. Lakini 8,000 inayokatwa kwa bibi wa Rungwe haiendi kwa jirani yake ambaye hakuandikishwa. Jirani anaingia pale tu utambuzi unapofanyika upya. Kuwatia ndani waliosahauliwa ni kazi nyingine, na inaweza kufanyika bila kumnyang'anya mtu yeyote.

Tena wanaodai makato wanachanganya vitu viwili visivyofanana. Uhakiki wa kaya za TASAF nchi nzima ulioanza mwishoni mwa 2015 uliondoa kaya zaidi ya 73,000, na ndani yake zilikuwemo kaya za viongozi na za watu wasio maskini kabisa. Aliyeiandika kaya yake mwenyewe akijua haistahili alitenda udanganyifu, na huyo adaiwe mpaka shilingi ya mwisho. Bibi ambaye mjukuu wake alikua hakutenda lolote. Alistahili kuingia, aliingia kupitia mkutano wa kijiji, alileta taarifa zake zilipotakiwa, kisha miaka ikapita juu ya mtoto kama inavyopita juu ya mtoto yeyote. Kumweka kwenye orodha moja na kiongozi aliyejiandikisha kunampa kiongozi yule mahali pa kujificha.

Kabla ya kukata, ofisi inayodai imwonyeshe mdaiwa mambo matatu kwa maandishi: tarehe mabadiliko yalipotokea, tarehe yalipoingizwa kwenye mfumo, na jina na cheo cha aliyekuwa na wajibu wa kuyaingiza. Pengo kati ya tarehe ya kwanza na ya pili likiwa limetokana na ofisi, deni ni la ofisi.