Kabla ya kuota reli kubwa, Congo irudishe kilomita 125 za Kisangani–Ubundu

Nchini Urusi, mtu anayepanda treni mjini Moscow kwenda Vladivostok anasafiri kilomita 9,289. Safari inachukua karibu siku saba. Katika behewa la bei ya chini wanalala watu 54, kila mmoja na kitanda chake, bila milango ya kuwatenganisha. Askari, wanafunzi, mama na watoto, wazee wanaokwenda kuona wajukuu, wote wanachota maji ya moto kwenye birika moja kubwa mwishoni mwa behewa. Wanagawana mkate na samaki, wanaambiana habari za kwao, na wanaposhuka wanajuana. Watalii nao wanakuja kwa makundi kutoka nchi za mbali na kulipa pesa nyingi ili wafanye safari hiyo hiyo.

Reli hiyo ilianza kujengwa 1891, wakati wa utawala wa wafalme. Imepita katika mapinduzi, vita viwili vya dunia na kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991. Serikali zilibadilika, hata jina la nchi likabadilika, lakini treni haikuachwa ife. Ratiba inajulikana, tiketi inanunuliwa mapema, na msafiri anajua siku ya kuondoka na siku ya kufika.

Moscow ni mbali na Kisangani, lakini si mji wa kigeni kabisa kwa Wakongomani. Chuo kikuu kimoja huko kinabeba jina la Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya posta Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla ya kuingia katika siasa. Mkongomani aliyesoma huko anaweza kusimulia safari ya treni ya siku nzima kwenda kumtembelea rafiki katika mji mwingine. Akirudi Kisangani na kutaka kumtembelea ndugu aliye Kindu, katika jimbo jirani la Maniema, hajui ataondoka lini wala atafika lini.

Congo nayo ilikuwa na safari yake ndefu. Haikuwa ya treni peke yake, ilichanganya treni na mashua, kwa sababu mto ndio ulioamua. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani meli zinapanda mto kilomita 1,734 bila kizuizi. Baada ya Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna mashua inayoweza kuyapita. Ndiyo maana kampuni ya CFL, iliyoanzishwa 1902, ilijenga reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, iliyoitwa wakati huo Ponthierville. Reli hiyo ilifunguliwa 1906. Kuanzia Ubundu mto unatulia tena, na mashua zinakwenda karibu kilomita 300 hadi Kindu. Kutoka Kindu, reli nyingine ya kilomita 355 inakwepa maporomoko mengine hadi Kongolo. Mwaka 1915 reli ya kilomita 273 ilikamilika kati ya Kabalo na Kalemie. Msafiri wa Kalemie alivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na Kigoma alikuta reli iliyofika mwaka mmoja mbele, ikimpeleka Dar es Salaam kwenye bahari. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na reli ya Katanga kupitia Kamina, na njia ya kwenda Lubumbashi ikafunguka.

Hakuna sababu ya kusifu walioijenga. Reli hiyo ilijengwa kwa jasho la Waafrika chini ya utawala wa mkono wa chuma, na lengo lake la kwanza lilikuwa kutoa mali ya nchi. Lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko wakoloni. Ni njia ya Lualaba, ile ile iliyoleta Kiswahili hadi Kisangani kwa mitumbwi na misafara. Wakati Tippu Tip alipofanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, lugha ilikuwa imekwisha kutangulia mbele yake. Mtu wa Kisangani na mtu wa Kalemie wanasikilizana leo kwa sababu babu zao walikuwa wakitembeleana kupitia mto huo. Wajukuu wanaishi nchi moja, wanasema lugha moja, lakini wengi wao hawajawahi kuonana.

Sehemu ya kwanza ya mnyororo huo, zile kilomita 125, ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo inayokatika kila mara. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya kushoto ya mto, katika tarafa ya Lubunga. Reli imo mikononi mwa SNCC, shirika la taifa la reli. Kwa miaka mingi treni imekuwa ikitembea kwa kubahatisha: kichwa kimeharibika, mataruma yameoza, majani yamefunika njia, mafuta yamekosekana. Mwenye mchele au mafuta ya mawese Ubundu anangoja. Akichoka kungoja, anafunga mzigo kwenye baiskeli au pikipiki na kuingia msituni. Anayebaki hana namna ila kuuza kwa bei ya hasara kwa yule mwenye chombo. Mwenye pesa anapanda ndege. Asiyekuwa nazo anabaki alipo, hata kama kuna msiba Kindu.

Hasara hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mnamo Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Barabara ya Kisangani kwenda Bukavu ilikwisha kufa kitambo. Bidhaa nyingi za mashariki zinafika Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4, kupitia Komanda na Nia-Nia, katika eneo ambalo halikosi vita. Mji mkubwa wa Tshopo hauwezi kutegemea mlango mmoja wa mashariki. Njia ya kusini, ya Ubundu, Kindu na Kalemie, ni mlango wa pili, nao umefungwa kwa uzembe. Hakuna adui aliyeufunga.

Wakati huo huo viongozi wanazungumzia reli kubwa. Njia ya Lobito, kutoka Kolwezi hadi bahari ya Angola, inapata mikopo ya Marekani na sifa katika kila mkutano. TAZARA, kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Zambia, inarudishwa kwa mtaji wa China. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme mwaka 2024, na mpango wake na Burundi na Congo unataja reli mpya itakayotoka Uvinza, ipite Musongati na Uvira, na siku moja ifike Kindu. Ni habari njema. Lakini reli ya Lobito inafuata shaba na kobalti, si watu wa Tshopo. Na hiyo ya Tanzania ikifika Kindu, bidhaa zitafikaje Kisangani? Zitashuka mto hadi Ubundu, halafu zitakutana na kilomita zile zile 125. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Wapo wanaosema barabara ingefaa zaidi. Barabara inahitajika, hakuna anayekataa. Lakini kati ya Ubundu na Kindu njia rahisi tayari ipo, nayo ni mto. Mali itakayopakuliwa kutoka kwenye mashua ni tani nyingi kwa mara moja, na treni moja inachukua mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Kila mtu wa Tshopo anajua pia mvua inavyoitenda barabara ya udongo katika msitu. Tuta la reli limekaa hapo zaidi ya miaka 100. Halihitaji kubuniwa upya.

Wengine wanasema treni ya abiria haileti faida. Hilo ni kweli mahali pengi, hata Ulaya, na ndiyo maana serikali nyingi huilipia kama zinavyolipia shule. Lakini bila treni ya abiria watu hawaachi kusafiri, wanapanda treni ya mizigo. Mnamo Machi 2022, treni ya mizigo ilitoka kwenye reli huko Buyofwe, jimbo la Lualaba, na zaidi ya watu 60 walikufa. Walikuwa wamejibanza ndani ya mabehewa ambayo hayakutengenezwa kubeba binadamu. Reli ya Ubundu yenyewe ina kumbukumbu ya uchungu. Mnamo Mei 1997, treni iliyobeba wakimbizi wa Rwanda kutoka kambi ya Biaro, kilomita 41 kutoka Kisangani, ilifika mjini na maiti zaidi ya 90 za watu waliokanyagwa na kukosa hewa. Waliopakiwa walikuwa wengi kupita nafasi iliyokuwepo. Kwa hiyo kurudisha treni maana yake ni pia kuhesabu watu, kutoa tiketi na kumpa kila msafiri mahali pa kukaa.

Nini kifanyike basi? Jambo la kwanza ni ukweli. SNCC na Wizara ya Uchukuzi zitoe hadharani hali ya reli hiyo, kilomita kwa kilomita: madaraja yapi ni mabovu, mataruma mangapi yabadilishwe, na gharama ni kiasi gani. Wabunge wa Tshopo na wa Maniema wanaweza kuiuliza serikali swali hilo pamoja, na kuitaka iandike kazi hiyo katika bajeti. Mwananchi hawezi kudai kitu asichokijua.

Jambo la pili ni vyombo. Reli ya Kisangani–Ubundu ina upana wa milimita 1,000. Reli ya Kindu na Katanga ina milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 inafanya kichwa cha treni cha Lubumbashi kisiweze kutembea Ubundu bila kubadilishwa magurudumu, hata kama kingefikishwa huko. Kwa hiyo miradi iliyofufua reli za kusini haikuwa na vyombo vya kuiazima Kisangani. Lakini reli za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zina upana huo huo wa milimita 1,000. Nchi hizo zinajenga au zinapanga reli mpya pana. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwa nini isiombe kununua au kukodi vichwa viwili na mabehewa machache yanayofaa, baada ya wataalamu kupima uzito ambao madaraja yanaweza kubeba? Uanachama ungeanza kuonekana Lubunga, siyo Arusha tu.

Jambo la tatu ni ratiba. Treni moja kwa juma, siku ile ile, ni bora kuliko treni tano zisizojulikana. Mkulima akijua kwamba treni inapita kijijini kwake Jumatano, atavuna Jumanne. Mashua ya Kindu ingoje Ubundu siku hiyo, na abiria anunue tiketi moja ya Kisangani hadi Kindu, kama ilivyokuwa desturi ya njia hiyo ya mto na reli. Mapato yabandikwe ukutani kituoni kila mwezi, ili watu waone pesa zinakwenda kutengeneza reli.

Jambo la nne ni kazi. Reli hii inapita katika ardhi ambako, tangu 2022, mgogoro wa mashamba kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kuwafukuza maelfu kutoka vijiji vyao, wengi wakikimbilia Kisangani. Treni haitamaliza mgogoro wa ardhi, hilo ni la mahakama, wazee na serikali. Lakini kufyeka majani, kubeba mawe na kubadilisha mataruma ni kazi ya mikono mingi. Vikundi vya vijana kutoka jamii zote mbili, wakilipwa vizuri na kwa wakati, kila kikundi kikitunza kipande chake, wangekuwa na sababu ya kuilinda njia na sababu ya kukutana tena.

Na kukutana ndiko kunakokosekana zaidi. Wakongomani wa mashariki wanajuana sana kama wakimbizi, au kwa habari za vita zinazosikika redioni. Wanapaswa kujuana pia kama wasafiri: mama wa Kindu mwenye mchele, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayerudi likizo, fundi wa Kalemie mwenye dagaa za ziwa kwenye ndoo, wakikaa behewa moja na kugawana kwanga. Warusi wanafanya hivyo kwa kilomita 9,289. Tshopo inaomba 125 tu.

Serikali inayosema itaunganisha Atlantiki na Bahari ya Hindi ianze kwa kuunganisha Kisangani na Ubundu. Siku treni ya Jumatano itakapoondoka Jumatano, kisha juma lijalo tena, watu wa Tshopo wataanza kuamini pia ile mipango mikubwa.