Mizani Kwanza, Sindano Baadaye: Wiki ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Uuguzi katika Wodi ya Watoto

Mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini kwa siku tatu huanza kulia kabla hajaguswa. Humwona mtu mwenye sare akiingia mlangoni, hujificha ubavuni mwa mama yake, na kilio hutangulia salamu. Mtoto huyo hajui tofauti kati ya daktari, muuguzi na mwanafunzi aliyefika asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Anachojua ni kwamba waliovaa hivyo walikuja na maumivu.

Kwa mwanafunzi wa uuguzi, kilio hicho ndicho somo la kwanza katika wodi ya watoto, na mara nyingi hakuna anayemfundisha namna ya kulisoma. Amefika saa moja asubuhi, sare imepigwa pasi, mfukoni ana kalamu, saa na kijitabu. Amesimama nyuma ya wenzake wakati zamu ya usiku ikiikabidhi zamu ya asubuhi, akisikia majina, namba za vitanda na dawa zikitajwa kwa kasi asiyoweza kuifuata. Haijatimia saa tatu, anaitwa kumshika mtoto wa kitanda cha sita ili achomwe kanula. Wengi huanza hivyo, kwa kumkandamiza mtoto anayepambana. Mwanzo huo umezoeleka, lakini si sahihi, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Wiki ya kwanza ya mwanafunzi katika wodi ya watoto iwe ya kutazama, kuhesabu, kupima uzito na kuzungumza na mama. Sindano isubiri wiki ya pili. Huruma ni sababu mojawapo, lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni ya kitabibu.

Kilio huharibu kipimo

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma kwa watoto wagonjwa humtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, kupumua huhesabiwa kuwa ni kwa haraka kunapofikia pumzi 60 au zaidi kwa dakika ikiwa hajatimiza miezi 2, pumzi 50 au zaidi ikiwa ana miezi 2 lakini hajatimiza miezi 12, na pumzi 40 au zaidi ikiwa ana mwaka 1 lakini hajatimiza miaka 5. Pumzi chache tu zaweza kutenganisha kikohozi cha kawaida na nimonia.

Mtoto anayelia hahesabiki. Kifua chake hupanda na kushuka kwa hofu, na kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua, ambako ni dalili ya hatari, huwa vigumu kukutofautisha na kwikwi za kilio. Mapigo ya moyo nayo hupanda. Kwa hiyo mwanafunzi anayeogopwa na mtoto amepoteza chombo chake cha kwanza cha kazi. Akipita saa nne na tena saa nane kuchukua vipimo, kila mara ataandika namba zilizopandishwa na hofu, au, jambo lililo baya zaidi, ataandika namba za kukisia. Katika wodi ya watoto, upole ni sehemu ya kipimo, kama betri ilivyo sehemu ya kipimajoto.

Mwanafunzi aliyetumia siku zake za kwanza kukaa chini kidogo ili macho yake yalingane na ya mtoto, kumwachia mtoto ashike kipimajoto kabla hakijatumika, na kuhesabu pumzi mtoto akiwa mapajani mwa mama bila kumfunua ghafla, atapata namba za kweli. Atapata pia jambo lisiloandikwa kwenye chati, yaani kumjua mtoto huyo akiwa mtulivu, ili saa ya kubadilika kwake aitambue.

Uzito usikisiwe

Mtu mzima hupewa kiasi kimoja cha dawa nyingi bila kupandishwa kwenye mizani. Mtoto hawezi kutendewa hivyo, kwa kuwa karibu kila kipimo cha dawa yake huanza na kilo zake. Chukua mfano wa jentamaisini, ambayo kwa kawaida mtoto aliyekwisha kupita umri wa uchanga hupewa miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 60. Akikisiwa kuwa na kilo 10, atapewa miligramu 75, yaani robo zaidi ya anachostahili, siku baada ya siku, na dawa hiyo ikizidi mwilini yaweza kudhuru figo na masikio. Akikisiwa kuwa na kilo 6, atapewa pungufu, na vimelea vitabaki hai.

Kosa la namna hii halina kelele. Muuguzi hakuiba, daktari hakulala, kila mtu alitimiza alichoambiwa. Lilianzia kwenye mizani isiyorudishwa sifuri, au kwenye uzito ulioandikwa kwa kumtazama mtoto kwa macho kwa sababu mlango wa wodi ulikuwa umejaa. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mizani kwa siku mbili kamili, akafundishwa kuikagua, kumpima mtoto akiwa na nguo chache, kuusoma uzito mara mbili na kuuandika palepale, amepewa kazi yenye uzito kuliko ile ya kushika miguu ya mtoto anayechomwa. Akifundishwa pia kupima mzunguko wa mkono, na kujua kwamba chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, anaweza siku yake ya pili kumwona mtoto ambaye wengine wamempita.

Mama ni nusu ya uchunguzi

Dalili kuu za hatari zinazofundishwa kwa mtoto mgonjwa mwenye umri wa miezi 2 hadi miaka 5 ni nne: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege katika ugonjwa alio nao, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Tatu za mwanzo, mara nyingi, hujulikana kwa kumuuliza mama. Mwanafunzi asiyejua kuuliza amefungiwa sehemu kubwa ya uchunguzi.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Mwanafunzi wa miaka ishirini humkuta bibi wa miaka sitini akimlea mjukuu kitandani. Asipomwamkia “Shikamoo bibi” na kujitambulisha, hatapewa ila majibu ya ndiyo na hapana. Humkuta mama kijana ambaye hajalala usiku kucha. Akimwita “wewe wa kitanda cha nne”, mama hatamwambia kwamba mtoto hajakojoa tangu jioni. Akimwita kwa jina la mtoto wake, mama Neema au mama Juma, mdomo hufunguka.

Kuna pia suala la maneno yenyewe. Mwanafunzi amesoma kwa Kiingereza, na mama anaeleza kwa Kiswahili chenye historia yake. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitambua degedege kama ugonjwa ulio mbali na malaria, wenye tiba zake za kienyeji, na kwamba ilihofiwa kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama wa aina hiyo anapomkumbatia mtoto na kuikataa sindano, mwanafunzi asiyejua humwita mkaidi. Anayejua huketi, humuuliza amesikia nini, kisha humweleza kwamba degedege yaweza kuwa alama ya malaria kali au ya sukari kushuka, na kwamba dawa inayokwenda moja kwa moja kwenye mshipa ndiyo inayowahi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hofu yake hujibiwa, haikemewi.

Hospitali za Afrika Mashariki zina hazina ambayo mahali pengine ilibidi idaiwe. Uingereza, hadi katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao waliolazwa kwa saa chache tu. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Harry Platt, mwaka 1959, ndiyo iliyopendekeza kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto bila kizuizi, mama waweze kulala hospitalini pamoja na wadogo, na wauguzi wafundishwe mahitaji ya hisia za mtoto. Huku kwetu mama amekuwa kitandani siku zote. Ni hasara kubwa kumfundisha mwanafunzi amwone mama kama kizuizi cha kupitisha trei.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba mpango huu ni wa wodi zenye wauguzi wa kutosha. Muuguzi mmoja akiwa na watoto thelathini, mikono ya mwanafunzi ni msaada ambao hauwezi kuwekwa kando kwa wiki nzima. Pingamizi hili ni la kweli na halipaswi kudharauliwa. Lakini pima kazi zenyewe. Kupima uzito, kuhesabu pumzi, kupima joto, kuuliza kama mtoto amenyonya na kumjulisha muuguzi aliyebadilika ni kazi zinazokosa mikono kila siku. Mwanafunzi anayezifanya vizuri humpunguzia muuguzi mzigo. Anayepewa sindano kabla ya wakati humwongezea, kwa sababu kanula iliyokosewa mara tatu hurudi mikononi mwa muuguzi huyohuyo, pamoja na mtoto aliyechoka na mama aliyekasirika.

Wengine watasema kwamba muda wa mafunzo kwa vitendo ni mfupi, na mwanafunzi ana kitabu cha kutiwa saini chenye idadi ya sindano, kanula na dripu anazotakiwa kutimiza. Hapo chuo ndicho kinachopaswa kujibu. Kama kitabu kinahesabu sindano na hakihesabu pumzi, mwanafunzi atazikimbilia sindano. Kurasa zake za mwanzo na zidai kwanza watoto kumi waliopimwa uzito ipasavyo, watoto kumi waliohesabiwa pumzi wakiwa wametulia, na mazungumzo matano na wazazi yaliyoshuhudiwa na muuguzi msimamizi.

Wapo pia wasemao, “Sisi tulijifunza hivyohivyo, na tumekuwa wauguzi.” Ni kweli. Ila waliolipia kujifunza kule walikuwa watoto, na hawakuulizwa.

Anayotakiwa kujua mzazi

Mzazi mwenye mtoto wodini ana haki ya kujua kwamba anayemhudumia mwanawe ni mwanafunzi. Mwanafunzi na aseme hivyo mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, na ataje jina la muuguzi anayemsimamia. Mzazi anaweza kuomba msimamizi awepo, na anaweza kusema kwamba mtoto amechomwa vya kutosha kwa sasa. Anaweza pia kuomba amnyonyeshe mtoto mchanga wakati wa kuchomwa. Tafiti zimeonyesha kwamba mtoto anayenyonya wakati huo hulia kwa muda mfupi zaidi. Mzazi anayeyasema haya haleti fujo. Naye akimkubali mwanafunzi kwa hiari, amechangia kumfundisha muuguzi atakayewahudumia watoto wa wengine kwa miaka thelathini.

Jambo moja limebaki, na huachwa kwa sababu ni zito. Katika wodi ya watoto, watoto hufa. Mwanafunzi anaweza kufika asubuhi na kukuta kitanda cha sita kimetandikwa upya, na hakuna anayemwambia neno kwa sababu dawa za saa mbili zimechelewa. Baadhi yao hujifunza hapo kutotazama tena nyuso, wakidhani huo ndio ukomavu wa kazi. Muuguzi msimamizi akitenga dakika kumi mwisho wa zamu, akaketi na mwanafunzi huyo, akamweleza kilichotokea na kumsikiliza, ataokoa kitu ambacho hakuna semina itakayokirudisha.

Si lazima fedha mpya ipatikane ili wiki ya kwanza ibadilike. Anahitajika muuguzi mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa msimamizi wa kila mwanafunzi, mizani inayoaminika, saa yenye mshale wa sekunde, na chuo kilicho tayari kupanga upya kurasa za kitabu chake. Matokeo yake yataonekana Jumatatu ya wiki ya pili, mwanafunzi atakapoingia na trei yake ya kwanza. Mtoto wa miaka miwili huenda akalia wakati sindano inaingia, kwa kuwa sindano huuma. Lakini hatalia mlangoni.