Mafua makali na safari: kwa nini kipimajoto cha mpakani hakitoshi

Msikilizaji, ukitoka Kifaru kwenda gulio la Taveta kupitia Holili, umeshasafiri nje ya nchi. Mafua makali nayo husafiri hivyohivyo, pamoja na abiria.

Mwishoni mwa Juni 2009 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mafua ya nguruwe, mwanafunzi aliyetoka Uingereza na kufika Kisumu. Julai, Tanzania nayo ikapata wa kwanza. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, WHO, halikushauri mipaka ifungwe. Kwa nini? Dalili huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mtu anaweza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kipimajoto hakimnasi huyo. Kufunga mpaka nako huchelewesha tu ugonjwa, huku wachuuzi wakikosa riziki.

Kwa hiyo kinga kubwa iko kwa msafiri mwenyewe. Ukiwa na homa na kikohozi, ahirisha safari. Ukirudi ukaugua, mweleze mhudumu wa zahanati ulikotoka, na ukae mbali na wazee, wajawazito na watoto wadogo, maana hao ndio mafua huwaelemea zaidi. Kwa ushauri piga 199, ni bure.